Majina Niliyoyaandika Barazani kwa Mstaafu

Wiki iliyopita nimegombana na watu saluni, hapa hapa Kongowe yetu ya Kibaha, na sioni aibu kukwambia. Nimekaa kwenye kiti, msusi amefika nusu ya kichwa, televisheni iko juu ya kioo inaonyesha mambo ya Marekani. Mkubwa wao mmoja kaingia kwenye kashfa, na hapo hapo ndege zao zinapiga mabomu nchi ya watu. Saluni nzima imekodoa macho. Huyu anasema wanafunika kashfa kwa vita, yule anasema wala, hao ndivyo walivyo siku zote. Mara akaingia mjumbe wa mtaa na karatasi yake. "Jamani, mahudhurio ya mkutano wa Jumamosi, tieni sahihi hapa." Kina dada wakatia sahihi mmoja baada ya mwingine, macho yako kwenye televisheni. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kwenye huo mkutano.

Karatasi ilipofika kwangu nikauliza, "Mkutano wenyewe uliamua nini?" Msusi akacheka, akanivuta nywele kidogo. "Dada naye! Si mahudhurio tu hayo." Basi, ndugu yangu, hapo nikapandwa na hasira. Nilipayuka mpaka mwenye saluni akazima televisheni. Nikatoka nusu ya kichwa imesukwa na nusu iko timtim, nikatembea hivyo hivyo mpaka nyumbani, watoto wa jirani wananicheka. Wacha wacheke. Maneno hayo, mahudhurio tu, niliyasikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na moja, na siwezi kuyasikia tena nikakaa kimya.

Baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali, ofisi za mkoa hapa Kibaha, na kila likizo ya mwezi wa sita alinipeleka kwa wazazi wake, kijijini, upande wa Kisarawe. Sijui kama wewe uliwahi kula pepeta. Mpunga haujakauka bado, unakaangwa kwenye chungu mpaka unaanza kudata, kisha unatwangwa ungali na moto. Unaupuliza mkononi, unautia mdomoni na kipande cha nazi. Mimi nikisikia kinu kinapigwa asubuhi, hata leo, na siku hizi ni nadra kukisikia, mate yananijaa.

Mpunga huo ulitoka bondeni. Na nikwambie mapema, kwa sababu ndiko shida ilikoanzia: shamba la bondeni lilikuwa la bibi, si la babu. Alirithi kwa mama yake, naye mama yake alilikuta kwa mama yake. Lilikuwa na mpunga katikati, magimbi pembeni ya kijito, na miwa michache ambayo bibi alidai ni ya wageni lakini mgeni alikuwa mimi peke yangu. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza ndege. Kukipambazuka tu, niko kwenye dungu napiga makopo, napiga kelele mpaka sauti inakauka. Nikilalamika kwamba niko likizo, bibi anasema, "Waambie hao ndege nao wachukue likizo, tuwaone." Mchana tunakula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi, mikono bado ina tope kwenye kucha, na hakuna aliyetukemea.

Babu aliniita mke wangu, kama mababu wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na bibi akaniita mke mwenzangu. Kila jioni walinigombania. Bibi ananitaka jikoni, babu ananitaka barazani. Babu ndiye aliyeshinda mara nyingi, maana alikuwa na sababu: hakujua kusoma wala kuandika, na mimi nilijua.

Baraza lenyewe lilikuwa kwa mstaafu. Huyu alikuwa karani wa ofisi moja Dar es Salaam, akastaafu, akarudi kijijini na televisheni, dishi na jenereta. Baada ya swala ya alasiri wazee walijaa kwake. Kahawa ipo, kashata zipo, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba mpaka mtu akitaka kuzungumza lazima apaze sauti. Habari zilikuwa za Kiingereza, mstaafu anatafsiri. Miaka ile ilikuwa ni vita ya Iraki. Loo, wazee wale waliijua vita ile! Walijua kila silaha ya maangamizi iliyosemekana ipo, na walijua kwamba haijapatikana hata moja. Walijua seneta yupi kanuna na yupi anajikanyaga. Ukimuuliza mzee yeyote pale ni nani katibu wa kamati ya maji ya kijiji chao, anakuna kichwa.

Siku ninayotaka kukusimulia, mstaafu alikuwa moto kwelikweli. Alikuwa anatafsiri huku amesimama. Anasema huko Marekani sasa wanaulizana: nyinyi mliopiga kura twende vitani, ile ripoti ya hizo silaha mliisoma? Na wengi, anasema mstaafu, inaonekana hawakuisoma. Waliletewa jambo, wakapitisha.

Baraza likalipuka. Babu yangu, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akigombana na mtu, alipiga goti lake kwa kiganja. "Mtu mzima na ndevu zake! Anapitisha jambo hajalisoma! Watu wanakufa huko kwa sababu ya uvivu wake!" Wenzake wakaitikia kwamba ni laana, ni laana tupu.

Ndipo akafika mtendaji wa kijiji na baiskeli yake. Kijana wa watu, heshima zake zote. "Shikamooni wazee wangu." "Marahaba." Akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Akasema mkutano wa juzi watu walikuwa wachache, wilayani wanataka majina zaidi, wazee wamsaidie. Mmoja akauliza bila kugeuka, ni majina ya nini. "Mahudhurio tu, mzee wangu."

Wenye kujua kuandika wakaandika huku wanatazama televisheni. Babu akanisukumia karatasi. "Mke wangu, niandikie." Nikaiweka juu ya jalada la daftari langu, nikashika kalamu. Sasa mimi nilikuwa mtoto wa shule wa kweli, kitu kikiwa na maandishi siwezi kukiacha bila kukisoma. Juu palikuwa na maneno makubwa makubwa, mkutano mkuu, kuridhia, mwekezaji, mengine sikuyaelewa. Lakini nilisoma "ardhi ya bondeni", na hilo nililielewa.

Nikasema, "Babu, hapa wameandika bondeni."

Alinipungia mkono kama anayefukuza nzi. "Andika bwana, tusikie." Maana mstaafu alikuwa anataka kusema kitu, na mzee mmoja alikuwa ameniambia shh.

Nikaandika. Jina la babu, herufi zimelala vizuri, kama mwalimu wangu wa darasa la tano alivyokuwa akinisifia. Wazee wengine watatu hawakuwa na miwani, nikawaandikia na wao. Mtendaji alipoichukua karatasi aliitazama akasema, "Mwandiko wa katibu muhtasi kabisa huu." Nikachekelea. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma kuliko zote: nilifurahi. Nilirudi nyumbani narukaruka, nikamkuta bibi anachambua kisamvu, nikakaa naye nikamhadithia vita yote, silaha, maseneta, ripoti isiyosomwa. Akaniuliza kama hizo silaha zimepatikana. Nikamwambia hazijapatikana. Akasema, "Khaa, maskini watu wa watu," akaendelea na majani yake.

Likizo ya Desemba nilipokwenda, bondeni kulikuwa na vigingi vimepakwa rangi nyekundu. Kimoja kilikuwa katikati ya magimbi. Bibi alikuwa amevaa baibui lake la kwendea msibani, anamsubiri babu waende ofisi ya kijiji, na mimi nikafuatana nao.

Mtendaji alifungua faili. Mkutano ulihitaji idadi fulani ya watu ili ardhi itolewe, na watu wa kwenye mkutano wenyewe hawakutosha. Waliotosheleza ni wale wa barazani kwa mstaafu. Akasoma jina la babu kwa sauti. Bibi akamgeukia mumewe. Babu akasema, "Mimi sijui kuandika. Huo si mkono wangu." Hakusema uongo, si ndiyo? Hakusema uongo hata neno moja. Ila alikuwa amenishika kiganja na alikibana mpaka vidole vikaniuma, na mimi nikatazama sakafu. Bibi akaomba apewe karatasi. Akaishika kwa mikono miwili, akaiangalia kwa muda mrefu, yeye ambaye hata jina lake hakuweza kulisoma.

Unadhani babu aliacha kwenda barazani? Hata wiki haikupita. Marekani kulikuwa na kashfa nyingine, picha za wafungwa walioteswa, na mstaafu alikuwa na mafuta ya jenereta. Hapo ndipo ninapomkasirikia babu yangu mpaka leo, Mungu amrehemu. Anatoka nyumbani, mkewe amekaa kwenye kigoda hana pa kwenda kulima, yeye anakwenda kuwahurumia watu walioonewa ng'ambo. Na kweli waliwaonea wale watu, sisemi hapana. Lakini wa kwake alikuwa hapo, kwenye kigoda.

Mwekezaji alilima msimu mmoja akatoweka. Ardhi haikurudi. Ikapita kwa mtu mwingine, na mwingine, sasa kuna ukuta na geti na mlinzi ambaye hata si wa kijiji hicho. Kijito wamekichepusha. Bibi, aliyekuwa akigawa mchele mpya kwa majirani kila mavuno, akawa anatuma mtoto dukani na bakuli. Ile miwa, dungu langu, kelele za makopo asubuhi, pepeta, vyote viliondoka bila hata bunduki moja kulia. Baada ya babu kufariki tukamleta bibi Kibaha, na sasa anaishi kwangu. Macho yamepungua nguvu lakini masikio yake yanasikia mpaka unachonong'ona uani.

Kwa hiyo siku ile ya saluni alinisikia nikiingia kwa kishindo. "Una nini wewe?" Nikakaa chini karibu na kitanda chake na kichwa changu cha nusu, nikamweleza ya mjumbe na karatasi. Kisha, sijui nini kilinisukuma, nikamwambia lile ambalo sikuwahi kumwambia. "Bibi, yale majina ya barazani. Niliandika mimi."

"Najua," akasema. Babu alikuwa amemwambia siku ile ile, njiani wakati tunatoka ofisini, mimi nikiwa nimetangulia mbele. Nikamuuliza mbona hakunigombeza miaka yote hii. Akasema, "Nikugombeze kwa lipi? Ulikuwa mtoto, umeambiwa andika, umeandika. Wewe ulijua nini?"

Ningenyamaza hapo. Alikuwa amenisamehe muda wote huo, nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba nusu. Nikasema, "Nilisoma, bibi. Niliona wameandika bondeni. Nilimwambia babu, hakunisikiliza."

Alikuwa anapapasa upindo wa shuka kwa vidole, na vidole vikasimama.

"Kumbe uliliona."

"Ndiyo, bibi."

"Na jioni ile ulikuja ukakaa na mimi, tukachambua kisamvu." Hakupandisha sauti. "Habari za Marekani ulinipa zote, mjukuu wangu. Ya shamba langu hukunipa."