Baiskeli ya Springi na Magunia ya Dada

Asubuhi ile nilitoka Ilembo na pampu, spana mbili, kamba za mpira na chupa ya maji. Dada alijua napita kwa fundi, kisha naenda shambani Mwamkulu. Na mimi nilijua hivyo hivyo mpaka nilipofika njia panda. Pale nikakata upande mwingine, na sikugeuka.

Tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la sita nimekuwa mtu wa namna hiyo. Nikiona njia nisiyojua inaishia wapi, miguu inaniwasha. Nimeponda mawe kwenye machimbo ya dhahabu, nimepakia mbao, nimechunga ng'ombe wa watu, na kote huko nilifika kwa kufuata njia tu. Lakini siku ile sikuwa nafuata njia. Nilikuwa nakimbia magunia tisa ya mahindi.

Magunia yalikuwa ya dada. Yalikuwa yamepukuchuliwa na kushonwa, yamelala juu ya mabua pale pale shambani. Kwetu mavuno yakiisha mashamba yanakuwa ya ng'ombe. Wafugaji na wakulima walikubaliana hivyo mbele ya mtendaji, na safari hii siku ilikuwa Jumatatu. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Ng'ombe mia wakiingia shambani hawaulizi kipi ni bua na kipi ni gunia. Jirani mmoja Msukuma alikuwa na mkokoteni na angebeba, ila alibeba kwa kugawana, na mgawo wake ungemfanya dada aanze kununua unga kabla mahindi mapya hayajakomaa. Ana watoto watatu, na mimi wa nne.

Miaka yote mahindi yale yalibebwa na baiskeli ya baba, ile nyeusi, nzito, isiyo na gia. Ilibeba mahindi, maji, mkaa, ikanibeba na mimi hospitali nilipougua homa ya uti wa mgongo. Baba alipofariki ilibeba mbao za jeneza lake. Tuliachiwa wote wawili, dada na mimi, na dada akaiacha mikononi mwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najua kuziba pancha.

Nikaibadilisha. Kulikuwa na kijana machimboni aliyekuja na baiskeli ya bluu, springi mbele, springi nyuma, gia ishirini na moja. Si ile ya bei mbaya wanayopanda wazungu wanaokwenda mbugani. Ilikuwa ya bei ya chini, nzito, rangi imebanduka. Lakini nilipoikalia nikapita juu ya mawe bila kurushwa, nikajiona nimepewa miguu mipya. Yeye alitaka baiskeli ya kubebea maji ya kuoshea mchanga. Tukabadilishana mali kwa mali, na kesho yake akahamia machimbo mengine ambayo hakuna aliyejua ni yapi.

Dada aliizunguka mara mbili. Akabonyeza siti, ikashuka, akaiachia, ikapanda.

"Mzigo unakaa wapi hapa?" akauliza.

Nikainama kutazama. Nyuma palikuwa na springi tu, na siti iliyosimama juu kama kichuguu.

Mwaka mzima nilijaribu kumjibu kwa spana. Niliifungua yote juu ya gunia, nikachora kila kipande kwa mkaa ukutani ili nikumbuke kinarudi wapi. Ndipo nikaelewa inavyofanya kazi. Fremu ni vipande viwili: cha mbele kinabeba mtu, cha nyuma kinashika gurudumu, na vimeunganishwa na bawaba kama mlango, springi ikiwa katikati. Bushi, vile vipete vya ndani ya ile bawaba, zilikuwa za plastiki, zimelika, ndiyo maana nyuma ilikuwa inayumba kama mlevi. Nikapata mtu wa kuchonga vyuma akanitengenezea za shaba. Breki za mpira nikazitoa, nikafunga za diski kutoka baiskeli iliyopondwa na lori. Springi ya nyuma nikaibadilisha na nyingine nene zaidi. Nikanunua na pedeli za chuma, nzuri, zilizonifanya nishindie muhogo wiki mbili.

Kijiweni kwa fundi baiskeli hawakunionea huruma. Kila nikipita, mmoja angeuliza kama nimeleta shuka. "Kitanda cha springi unacho tayari, kaka," angesema, "umekosa mto tu." Fundi mwenyewe hakuwa na utani. Alinishauri nichomelee keria ya kubebea mzigo, nami nikakubali, na pale ndipo tulipokosea wote. Keria ile iliungwa mbele kwenye kipande kisichotembea na nyuma kwenye kipande kinachotembea. Mtu aliyemaliza shule labda angeliona mapema. Mimi niliona Mwamkulu, kwenye mtaro wa kwanza, na gunia la kwanza la mavuno haya. Gurudumu likapanda, keria ikakataa, ikakatika mahali ilipochomelewa. Gunia likapasuka. Dada na watoto waliokota punje moja moja barabarani mpaka jua likatua.

Fundi akasema sasa dawa ni moja: springi itolewe, kiwekwe chuma, nyuma ichomelewe iwe ngumu. Itakuwa baiskeli kama baiskeli nyingine. Jumatano dada akaniambia maneno machache, akiwa anapepeta.

"Kesho ipeleke ikachomelewe. Kama huwezi, nenda kaitafute ya baba huko ilipo. Jumatatu si mbali."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonifanya nikate kona. Ningeweza kubishana na mtu asiye na haki.

Njia niliyoshika ilikuwa ya kwenda Mwese, milimani magharibi, ambako sikuwahi kufika. Nje ya mji lori lililokuwa linafuata mbao lilinikuta, dereva akanipakia na baiskeli yangu juu, akitaka tu mtu wa kumshikia jeki likikwama. Lilikwama mara mbili. Mchana likanishusha mahali njia inapogawanyika, lenyewe likaingia msituni kupakia mpaka kesho yake, nami nikabaki chini ya mlima wenye barabara ya mawe iliyochimbwa na maji katikati kama imepasuliwa kwa shoka.

Chini ya mlima ule alikuwa amekaa mama mmoja juu ya viroba viwili vya chumvi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza ninakotoka. Mwendesha bodaboda, akasema, alipanda kidogo, pikipiki ikachemka, akamshusha na kugeuza, na kumwambia angetuma mwenzake. Alikuwa amemngojea mwenzake huyo tangu asubuhi. Ana kiduka kijijini, na kijiji kizima kilikuwa kimeshinda siku nne hakina chumvi. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa hapa hapa Katavi, na Kiswahili chake kilikuwa na ule mdundo wa nyumbani kwao.

Akaitazama baiskeli yangu, akaniuliza kama inabeba. Nikamwambia ukweli: haina keria, haibebi. Nikaeleza na habari ya springi, ya keria iliyokatika, mpaka ya punje. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakunicheka.

"Keria ya nini?" akasema. "Unataka kupanda mlima huu umekaa juu yake?"

"Hapana, mama. Hapapandiki."

"Basi siti ya nini? Itoe."

Niliitoa. Akaingia kichakani na panga lake dogo, akatoka na miti miwili mibichi, minyoofu, unene wa mpini wa jembe. Mfupi akauchomeka kwenye lile bomba la siti, ukasimama kama mlingoti, kimo cha kifua changu. Mrefu akaufunga kwenye usukani, upande wa kushoto, ukatokeza nje na kurudi nyuma, ili mtu atembee pembeni akiushika, mkono mmoja unaongoza, mwingine unasukuma ule mti wa siti. Baba yake, akasema, alishusha ndizi na kahawa namna hiyo maisha yake yote kabla ya kukimbia, na alipofika huku akashangaa kukuta watu wanapandisha kila kitu mgongoni mwa gurudumu la nyuma.

"Baiskeli ya mlimani haipandwi, mwanangu," akaniambia. "Inatembezwa."

Viroba tukaviunganisha kwa kamba zangu za mpira, tukavining'iniza juu ya bomba la kati, kimoja kulia kimoja kushoto, chini kabisa, mbele ya springi. Viliziba pedeli. Zile pedeli zangu za muhogo wa wiki mbili zikawa vigingi vya kukazia kamba. Nikachuchumaa nikatazama springi. Ilikuwa imeshuka kidogo tu, upana wa kidole. Kuna pete yenye meno inayoikaza; nikaizungusha mizunguko mitatu, ikarudi juu. Uzito ulikuwa umekaa kwenye kile kipande cha mbele, kile kinachobeba mtu, na nyuma pakawa huru kupanda na kushuka. Mwaka mzima nilikuwa nabandika mzigo kwenye mlango badala ya kuuweka chumbani.

Tukaanza kupanda, mama mbele akinionyesha upande wenye mawe madogo. Hatua mia za kwanza baiskeli ilinivuta nusura itumbukie mtaroni, nikajifunza kwamba mti wa mbele unashikwa kwa ulaini na ule wa nyuma ndio wa nguvu. Baada ya hapo ikawa kazi ya kawaida, kazi ya jasho. Kwenye jiwe kubwa la kwanza nilijiandaa kuinua. Haikuhitajika. Gurudumu la mbele likapanda, la nyuma likafuata, springi ikapumua, na viroba havikutikisika. Mama alikuwa amegeuka anatazama.

"Ya kwetu ingeruka hapo," akasema. "Chumvi ingekuwa chini."

Nikamwomba apande nayo yeye kidogo ili nione kwa nyuma. Akaishika kama mtu anayeshika mwiko wake. Nilitembea nimeinama, naangalia bushi za shaba zikizunguka mahali pake, na nadhani mpita njia angeona mama anasukuma baiskeli na kijana mwenye afya zake anamfuata akichungulia gurudumu. Walipita kweli, wanaume wawili wakishuka na mbuzi. Wakamuuliza mama kama amepata punda wa Kichina. Mama akawajibu kwamba punda huyu hali majani, tofauti na wao, nao wakacheka mpaka kwenye kona.

Mlima ukaisha, tukateremka kwenye kijito. Kule bila breki za diski ningeachia kila kitu kikatumbukia; maji ya magotini na chumvi ni ndugu wasiopendana. Nilibana breki zote mbili, baiskeli ikateremka pole pole kama mzee anayeshuka ngazi. Ukingoni tukavifungua viroba, tukavivusha begani, kimoja mimi kimoja yeye, alikataa katakata nivivushe vyote. Upande wa pili tukavifunga tena. Safari hii nilivifunga mimi mwenyewe, naye akakagua fundo moja tu.

Tulifika kijijini jua likiwa bado na nguvu. Kulikuwa na ubaridi wa milimani, na harufu ya maharage mabichi. Watu watano walikuwa wanangoja kwenye kiduka chake na vibakuli mkononi, hata kabla viroba havijagusa chini. Akauza kwanza. Kisha akaniuliza nitalala wapi. Nikamwambia sijui, sikuwa nimepanga kufika hapa. Akanitazama vile wanavyonitazama watu wengi ninapotoa jibu hilo, akasema kuna chumba nyuma ya duka, kina kitanda cha kamba, ila nitalala na magunia ya maharage na nisiogope panya, hana adabu lakini ni mmoja.

Mtandao, akanielekeza, unapatikana kwenye jiwe la nyuma ya kanisa. Nikapanda jiwe lile nikampigia dada. Aliniuliza kama imechomelewa.

"Haijachomelewa," nikasema. "Itabeba, dada. Usimwambie wa mkokoteni aje. Kesho lori la mbao linarudi, Jumamosi alfajiri naanza, nusu gunia huku, nusu gunia huku."

"Uko wapi?"

"Mwese."

Nilisikia watoto wanagombana nyuma yake, na sufuria.

"Kuna nini Mwese?"

"Kuna miti miwili."

Akasema nimeanza tena. Nikamweleza, polepole, kuanzia kwenye siti, na sikuruka habari ya kijito. Aliuliza swali moja: kama mtu wa kimo chake anaweza kuisukuma. Nikamwambia mama mwenye duka ni mfupi kuliko yeye, na ameisukuma mlimani. Akasema ataamini akiona gunia uani. Jumamosi ataningoja shambani mwenyewe, na wa mkokoteni hatamwambia njoo wala usije.

Nilirudi dukani nikala ugali na maharage. Baiskeli niliiegemeza ukutani kwa nje kama nilivyoelekezwa. Ile miti miwili mama aliniambia niiache hapo hapo, porini imejaa mingine. Nikamwitikia vizuri, kisha nikaifungua na kuilaza ndani kando ya kitanda, nisije nikaamka nikaikuta imechemshiwa chai.