Kasoro Kwanza, Bei Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kuapa. Ilikuwa Garsen, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, nami nimetoka kwetu Kulesa na shati la kuazima na mdomo mwepesi. Kampuni moja, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa imefungua duka karibu na kivuko, ikaniajiri niwe mnadi, yaani mtu wa kutangaza bidhaa sokoni. Nilipanda juu ya kreti na mche wa sabuni mkononi, nikaanza kama walivyoanza wachuuzi wote wa mto: wallahi hakuna sabuni kama hii, na nife hapa nikisema uongo.

Meneja wa Tawi alitoka dukani akanishusha. Alikuwa mzee wa Kipini, mtu wa taratibu, hakuwahi kupaza sauti mbele yangu.

"Ndoo hapa, mwanangu," aliniambia. "Waapa kwa ajili ya sabuni? Na kesho ukiuza nguo utaapa nini tena? Mtu aapaye kutwa, watu humwona mrongo."

Kisha akanipeleka soko la mifugo nikasikilize. Pale alikuwako dalali wa Kiorma aitwaye Bonaya, mrefu, mkavu, fimbo begani. Dalali ni yule anayesimama kati ya muuzaji na mnunuzi. Siku hiyo alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe mweupe, na kabla ya mtu kuuliza bei alisema kwa sauti ya kawaida tu: "Ng'ombe hii nyonyo moja imekufa. Ukikamua, napiga teke. Wote nasikia?" Watu wakaitika kwamba wamesikia. Hapo ndipo bei ikatajwa.

Meneja alinieleza desturi ile. Muuzaji hutaja kasoro ya mnyama mbele ya mashahidi. Akishaitaja, mnunuzi aliyekubali harudi tena kulalamika, hata ng'ombe amvunje mguu. Anayeficha kasoro hurudishiwa mnyama wake na aibu juu. "Kampuni ni mtu mmoja," Meneja akasema. "Akinena Garsen, na Ozi wamsikie ni yeye yule. Nami nataka anene kama Bonaya."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya ujana wangu wote. Siku hizi vijana huiita sauti ya biashara, wanakwenda kuisomea. Sisi tuliitengeneza kwa masikio. Tulianza na mwito, yaani maneno ya kufungulia: "Amani kwenu. Duka limefika. Kwanza kasoro." Baada ya mwito tuliuliza hali za watu, mvua na malisho, na hatukugusa bidhaa mpaka habari ziishe. Halafu tukasema: shuka hii itachuja rangi ukiifua mara ya kwanza, taa hii chemni yake ni nyembamba, usiiweke penye upepo. Hatukuapa, hatukusema chetu ni bora kuliko cha fulani, na mwisho wa sentensi sauti ilishuka, haikupanda. Yeyote aliyeajiriwa alifundishwa hivyo, awe mnadi au mpima sukari.

Nilipelekwa Ozi, ambako wenyeji walinicheka kwanza. Mama mmoja aliniuliza kama nimetumwa kuuza au kufukuza wateja. Baadaye yeye huyo alikuwa akiwatuma wanawe dukani bila kuwaambia waangalie kitu, kwa kuwa duka lingesema lenyewe. Kutoka Ozi nikahamishiwa Kinakomba, kwenda kumfundisha Hiribae, mtu mzima aliyenizidi umri kidogo, mwenye sikio kali ajabu. Alishika mwito, mshuko wa sauti, hata kikohozi changu kabla ya kasoro. Nilijivunia kazi ile, na nilikuwa na haki.

Nikarudi Garsen. Bonaya naye alikuwa mteja wetu, na alipenda kunitania. "Wewe mtoto ya mimi," alisema. "Kasoro nimekufundisha, lakini hujanipa mahari."

Meneja wetu alipozeeka akarudi Kipini, na badala yake Mombasa wakamleta Msimamizi wa Mauzo, kijana nadhifu, mwenye akili nyingi. Nilitegemea aje kuivunja sauti yetu. Laiti angeivunja. Aliipenda. Alikaa sokoni akisikiliza kutwa nzima, na jioni akaniambia, "Bwana Komora, hii ni mali kuliko vitu vyote vilivyomo dukani."

Baadaye ikaja shehena ya dawa ya kupe, madebe ya kuoshea mifugo. Ilikuwa imelala ghalani mwaka hata ikapoteza nguvu. Tuliijaribu kwa mbuzi wa jirani, kupe wakabaki wamejishikilia. Nikamwambia Msimamizi kwamba hiyo ndiyo kasoro ya kutangaza, au tusiiuze.

"Tutatangaza kasoro," alijibu. "Tuseme inanuka vibaya na inawasha mikono. Si kweli hiyo?"

"Ni kweli, bwana. Lakini siyo kasoro yake."

"Bwana Komora, watu hawasikilizi kasoro. Wanasikiliza sauti."

Nikakataa. Hakunigombeza. Alinipa mshahara wangu kwa adabu na kumwita Hiribae kutoka Kinakomba.

Siku ya soko nilisimama nyuma ya watu nikasikia sauti yangu ikitoka kinywani mwa mwenzangu. Amani kwenu. Duka limefika. Kwanza kasoro. Kikohozi kile kile. Wafugaji wakaitika kwamba wamesikia, wakabeba madebe. Nilimfuata Bonaya nikamshika mkono.

"Mzee, dawa hii haiui kupe. Nimeijaribu mwenyewe."

Alinitazama kwa huruma. "Duka imesema kasoro yake mbele ya watu. Wewe nimesikia bosi amekufukuza. Hasira si nzuri, mtoto ya mimi."

Nilizunguka kwa wengine, jibu likawa lile lile. Sauti tuliyoilea kwa miaka ilikuwa na heshima kuliko mimi niliyeilea. Sijapata kuona upweke kama wa siku ile.

Mifugo ilikufa kwa maradhi ya kupe. Zizi la Bonaya lilipungua hadi akabaki na majike wachache. Wala hakuna aliyekwenda dukani kudai, maana walikuwa wametajiwa kasoro nao wamekubali, na desturi hairuhusu kurudi. Msimamizi alijua hilo tangu mwanzo. Duka likaendelea kwa muda, kisha watu wakalihama polepole, na kampuni ikafunga ikaenda kutafuta watu wengine.

Lakini sokoni kulibaki ugonjwa. Msimu mmoja Bonaya alileta jike wa kuuza. Akasema kama kawaida yake, jike huyu ametupa mimba mara moja, wote nasikia? Mnunuzi, Mgiriama mmoja mwenye shamba upande wa chini, alitabasamu.

"Hiyo ya kutangazwa nimeisikia, mzee. Sasa nambie ile ya kweli."

Watu wakacheka. Bonaya alisimama na kamba mkononi, akitafuta kasoro nyingine ya kusema, na hakuwa nayo. Akamgeuza jike wake wakaenda zao.

Mimi nilipata kazi nyingine, ya kupima pamba, nikaifanya mpaka nikastaafu. Vijana wa maduka ya Garsen hunijia waniulize jinsi ya kuipa biashara sauti ambayo watu wataiamini. Nawafundisha, maana najua: mwito mmoja, mwendo mmoja, mshuko mmoja wa sauti, kila duka na kila mtu. Wanaandika, wananishukuru. Nikiwaambia kwamba anayekuja baada yao ataikuta sauti tayari na kuitia anachotaka, wanadhani ni maneno ya uzee.

Nilimtembelea Bonaya kabla hajafa. Wale majike walikuwa wamekonda zizini, wazee kama yeye, hata mmoja hajauzwa. Nikamuuliza kwa nini asiwauze apate cha kula.

"Nikisema kasoro, hapana mtu anasadiki," alisema. "Nikinyamaza, Mungu anasikia. Wewe ulikuwa mtu ya kusema. Niambie, sasa mimi niuze namna gani?"

Nikakaa naye mpaka jua likachwa, kisha nikamsaidia kufunga zizi.