Nilifuta Jina la Dereva Wetu Kwenye Bima

Admin, ukiweka hii naomba jina langu libaki kwako peke yako. Watu wa kanisa letu wako kwa hii peji, na sina nguvu ya kuulizwa mlangoni Jumapili.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na tisa, naishi Mwingi. Mume wangu aliniacha nikiwa na mtoto wa miezi minne, na aliyenichukua ni kaka yangu mkubwa. Ana malori manne yanayobeba simiti na ndengu kati ya huku kwetu na masoko ya Makueni. Alinipa kazi ya ofisi, akanilipia nyumba, watoto wangu wamesoma kwa mkono wake. Nasema hivyo mapema mjue kaka yangu si mnyama, na mimi sijawahi kumkatalia kitu.

Kila mwaka tukilipia bima ya wafanyakazi, ile inayomlipa mtu akiumia kazini, mimi ndiye huandika orodha ya majina. Tuko na watu saba. Mwaka jana mizigo ilikuwa michache, kaka akasema bima imekuwa ghali, niandike wanne tu, hao wengine wakiulizwa ni vibarua. Hakuniambia nani atoke. Aliniachia. Nilikaa na kalamu nikaanza kufikiria nani anaweza kuumia. Kuna madereva wawili wanaoendesha kwa fujo, hao nikawaacha ndani. Nikafika kwa mzee nitakayemwita Mutisya. Ana miaka hamsini na sita, ametuendeshea tangu kaka akiwa na lori moja, na hajawahi kugonga hata mbuzi. Nikamfuta yeye wa kwanza. Nilimtoa kwa sababu ni mwangalifu. Nikamaliza orodha, nikaituma, nikanywa chai.

Miezi mitatu baadaye Mutisya alikuwa Mukuyuni, huko Makueni, amepakia ndengu. Mawingu yalikuwa yameshuka, akapanda juu ya magunia kufunga turubai. Kamba ikakatika akiivuta, akaanguka kwa mgongo kwenye lami. Tangu siku hiyo miguu yake haimtii.

Kaka alinifuata ofisini akiwa hana rangi. Alisema bima haitamlipa mtu ambaye hayuko kwa orodha, na ikijulikana Mutisya alikuwa mfanyakazi wetu wa kila siku, fidia itatoka kwake na malori yatauzwa. Akaniagiza niandike karatasi, Mutisya atie sahihi kwamba siku hiyo alikuwa kibarua tu. Nikamwambia aende nayo mwenyewe.

"Mimi nikienda atauliza maswali," akasema. "Wewe anakuamini."

Niliiandika kwa Kiingereza, kusudi. Nilimkuta wodini amelala chali, mkewe anampangusa uso kwa kitambaa. Nikatoa maziwa na ndizi kwanza, halafu karatasi. Mutisya alishika kalamu kabla sijamaliza kueleza.

"Hii inasema nini, mwiitu wakwa?" akaniuliza. Kwetu hivyo ndivyo mzazi humwita binti yake.

"Ni ya kusaidia mambo ya hospitali," nikamjibu.

Akatia sahihi pole pole, akaniomba msamaha kwamba sahihi imepinda.

Sasa ni miezi minane. Kaka huwatumia shopping ya unga na sukari mwisho wa mwezi, na mimi ndiye huipeleka. Mkewe alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu hakuwaacha, amewapa mimi. Pasta akaniomba nisimame. Nikasimama, watu wakapiga makofi, na mimi nikatabasamu. Hiyo tabasamu ndiyo inaninyima usingizi kuliko ile karatasi.

Wiki mbili zilizopita nilienda kwao nikiwa nimeamua kusema. Nilimkuta mzee nje kwenye kiti cha magurudumu, ungo mapajani, anachambua ndengu. Alisema anajifunza kazi za kuketi ili mkewe asichoke peke yake. Badala yake nikaanza kuongea habari ya mvua. Nikitoka, mkewe alinifungia ndengu kwa mfuko, akasema hawana kingine cha kunishukuru. Nikazichukua. Niliwapikia watoto, na mimi nikasema tumbo linaniuma.

Juzi binti yao alienda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, kuuliza kama baba yake anastahili fidia. Afisa amenipigia simu, nifike Jumanne na rekodi zote za wafanyakazi. Orodha ya mwaka juzi yenye jina la Mutisya iko kwa droo yangu, pamoja na vitabu alivyokuwa akitia sahihi ya mshahara kila mwezi. Kaka anataka nivichome. Alikuja ofisini kunikumbusha.

"Mimi sikukuacha ulipoachwa," akasema, akatoka.

Nikisema ukweli, kaka ataanguka, wale wengine wanaomtegemea watakosa kazi, mama yetu hataniita mtoto wake tena, na mimi mwenyewe naweza kushtakiwa kwa kumdanganya mgonjwa. Nikinyamaza, Mutisya atazeeka akiwa kibarua wa siku moja kwa sahihi yake mwenyewe. Na yule binti amenitumia ujumbe kwamba amefurahi kusikia ni mimi nimeitwa, kwa sababu anajua siwezi kuwaangusha.

Sijavichoma. Lakini pia sijamwambia mtu yeyote, nyinyi ndio wa kwanza. Mkitaka kunitukana nitasoma yote, ni haki yenu. Ila katikati ya hayo matusi, naomba mmoja wenu aniambie: Jumanne nikiingia kwa ile ofisi, nianze na neno gani?