Kitasa cha Chumba cha Mama Mkwe

Wangwe, mzaliwa wa Kegonga na fundi wa Isebania, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kujionyesha. Tangu anunue ile grinda yake ndogo ya betri, mashine ya kukatia chuma yenye ukubwa wa gunzi la mahindi, hapakuwa na bawaba wala kufuli iliyokwama mtaani ambayo hakuitolea hotuba. Pale mkono wa mtu usipopita, kidiski chake kilipita. Basi mkewe Lynnet aliposema kwamba mlango wa chumba cha mamake, kule Homa Bay, haufungiki, Wangwe alikuwa ameshatia grinda kwenye begi kabla mke hajamaliza kusema. Alitaka sana kupendwa ukweni. Yeye Mkuria, wao Wajaluo, na kwa miaka yote ya ndoa alikuwa bado anakaa kwenye viti vyao kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, isipokuwa kwa jambo moja. Chumba anacholala mama mkwe, mkwe wa kiume hatii mguu. Hata kwao Kegonga mambo ni hayo hayo, hakuhitaji kuambiwa. Kwa hiyo alifanya kila kitu akiwa amesimama sebuleni. Alichonga fremu kwa grinda, akakikata kile chuma cha katikati ya kitasa kinachounganisha vishikio viwili, kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba, kisha akapitisha mkono upande wa pili na kufunga kishikio cha ndani kwa kupapasa. Skrubu aliikaza bila kuiona. Angeweza kumwomba Lynnet aingie aangalie, lakini fundi mwenye sifa zake hakutaka ionekane kwamba anahitaji macho ya mtu.

Mama mkwe, Monicah, aliusukuma mlango ukafunga bila kelele.

"Orwa amenitengenezea vizuri," alimwambia binti yake, kwa lile neno lao la kumwita mkwe. Wangwe akavimba kichwa mchana kutwa.

Lynnet alipoenda ufuoni kutafuta samaki, mama aliingia chumbani kubadilisha nguo, maana hangemwandalia mkwe akiwa na leso ya jikoni. Wangwe alikuwa barazani anapangusa mashine yake.

"Orwa." Sauti ilitoka ndani, ya chini. "Hii kishikio imetoka, niko nayo kwa mkono."

Alijua papo hapo. Chuma alikikata kifupi mno, na ile skrubu haikuwa imeshika chochote. Alijaribu kishikio cha nje, kikazunguka bure; dirisha nalo lilikuwa na vyuma, kwa hiyo njia ilikuwa mlango tu.

"Pole, mama. Nakata kitasa saa hii."

"Harakisha kidogo. Nimejidunga dawa na sijakula. Hii sukari yangu ikishuka haingojangi mtu."

Hakuwa amekula kwa sababu alimngoja mgeni aanze, na mgeni alikuwa yeye. Wangwe alikisukuma kidiski katikati ya mlango na fremu, kikaanza kuuma ulimi wa kitasa, cheche zikamrukia kifuani. Ndani kitu kizito kikaanguka. Aliita, hakujibiwa. Ulimi ulipokatika, mlango ulisogea kidogo ukagonga mguu wa mtu.

Alimwona. Monicah alikuwa sakafuni, amevaa shimizi tu, jasho linamtoka, midomo inacheza bila sauti. Ilikuwa hatua moja tu kumfikia. Wangwe alisimama kizingitini na hakuipiga. Baadaye alitaka kuamini kwamba ni mila iliyomzuia, lakini alijua alichokuwa anakiwaza pale: mtu akitokea amkute ameinama juu ya mama mkwe aliye nusu uchi, watasema nini? Akageuka akakimbia nje.

Jirani, Mama Jacktone, alikuwa anaanika dagaa wa omena. Aliposikia alikimbia mbele yake.

"Si ungemwinua tu umpe sukari?" alisema bila kugeuka.

Bakuli la sukari lilikuwa juu ya meza ya sebuleni, kando ya thamosi ya chai. Wangwe alikuwa amelipita akitoka.

Mama Jacktone alimtia sukari kinywani kidogo kidogo mpaka macho yakarudi. Lynnet alirudi na samaki akamkuta mamake kwenye kiti, amefunikwa kitenge, majirani wamejaa. Mama Jacktone alimweleza yote, moja baada ya jingine, na Wangwe akasikiliza akiwa ameangalia viatu vyake. Alitamani wamgombeze.

Lakini Monicah aliinua mkono watu wanyamaze.

"Nilikuwa naona," alisema polepole. "Niliona viatu yake kwa mlango. Ilisimama hapo, haikuvuka. Vijana wa siku hizi wangeingia tu. Huyu, hata ningekufa hapo, angenipea heshima yangu."

Wanawake wakaitikia kwa kumsifu. Mmoja alisema Wakuria wanajua kulea. Lynnet, aliyekuwa ameanza kupara samaki, alisimamisha kisu, akamtazama mumewe, akalitazama bakuli la sukari, kisha akaendelea kupara.

"Asante, mama," Wangwe alisema, kwa sababu mkwe akisifiwa hushukuru, na tangu azaliwe hakuwa amewahi kutamka neno lililomtia aibu kama hilo.