Kiko cha Mlinzi

Siku kisu kilipomponyoka dada yangu na kudondoka karibu na kidole changu cha mguu, nilijua kuna jambo. Mikono yake haina kawaida ya kutetemeka. Hata siku shemeji alipobebwa kwenda hospitali akihema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, dada ndiye aliyefunga mlango, akatia ufunguo kwenye mkoba, kisha akanikumbusha nivae viatu.

Dada hutengeneza viko vya magunzi ya mahindi. Mtaani wanamwita Mama Kiko, na mgeni akisikia jina hilo hudhani ni mvutaji wa kutupwa. Hajavuta hata siku moja. Alianza kwa kuokota magunzi nyuma ya mashine ya kupukuchua mahindi iliyopakana na nyumba yake. Kiko chake cha kwanza kilitoboka chini, kikamuunguza seremala suruali mbele za watu. Ningekuwa mimi, ningehama mtaa. Yeye alikiomba kile kiko, akakipasua katikati kwa msumeno, akakaa kukichunguza mpaka chai yake ikapoa.

Hapo ndipo alipolielewa gunzi. Nje lina magamba, katikati lina sehemu ngumu kama mti, na ndani kabisa lina moyo laini kama sponji. Ukiuacha moyo wote, tumbaku haina pa kukaa. Ukiutoa wote mpaka chini, moto unapata njia. Tundu la mrija likiingia juu mno, majimaji ya tumbaku yanabaki chini yananuka. Likishuka mno, mvutaji anakula majivu. Basi akaanza kubadilisha. Akawa anaanika magunzi darini hadi yawe mepesi na makavu, anachimba kwa keekee, anaacha kitako kinene na kukisiriba kwa udongo uliochanganywa na majivu. Mrija ni wa mwanzi mwembamba. Kazi yangu mimi mdogo wake ni kupiga msasa. Msasa hauniulizi maswali, tunaelewana.

Kiko kikiharibika, mwenyewe hukirudisha kwa dada, naye hukisoma. Kwa jinsi kilivyoungua anajua nani anavuta kwa pupa. Kwa alama za meno kwenye mrija anajua mengine. "Mwambie mjomba wako akang'oe la kushoto, linamsumbua," alimwambia binti mmoja, na binti akabaki kinywa wazi, maana mjomba alikuwa amelala na shavu limevimba.

Shemeji alikuwa dereva wa lori. Jino lake la chini mbele liliondoka zamani na hendeli ya kuwashia lori, na tangu hapo mrija alikuwa akiushika kwa meno mawili yaliyopakana na pengo. Alipolazwa, daktari alimwambia mbele yetu kwamba mapafu yake hayana akiba tena. Akirudia kuvuta, safari nyingine hatarudi kwa miguu yake. Shemeji akaapa. Dada akakusanya viko vyake vyote akavitia motoni. Ikawa peremende asubuhi, peremende jioni, na kikohozi kikapungua.

Ndipo jirani yetu kinyozi alipoleta oda ya ajabu.

"Dada, nina rafiki yangu mlinzi. Anataka kiko kifupi cha kuingia mfuko wa shati. Kiwe na kifuniko, moto usionekane, na harufu isisambae."

"Kwani anajificha nini?"

"Bosi wake! Ana pua huyo, we acha tu."

"Bosi mwanamke?"

"Tena mwanamke!"

Tukacheka sote. Shemeji, aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni, alicheka mpaka akajishika mbavu.

Kazi ile ilimteka dada. Alichagua gunzi nene ili mfuko usiungue. Kizibo cha soda akakitoboa kwa msumari, akakifunga kwa waya kikawa kifuniko. Mrija mfupi ungeunguza ulimi, kwa hiyo akapachika ndani yake kipande cha moyo wa gunzi, kipoze moshi na kunasa uchafu. Alipomaliza alikigeuzageuza, akatabasamu. "Huyo bosi atanikoma," alisema.

Kiko kikaenda. Baada ya muda kikohozi cha shemeji kikarudi. "Vumbi la magunzi yenu hilo," alilalamika. Tukahamishia kazi uani.

Kinyozi alikirudisha kile kiko mrija ukiwa umepasuka. Dada akauchomoa kwa kisu, akausogeza kwenye mwanga. Hapo ndipo kisu kilipodondoka.

"Kesho utakipata," alimwambia kinyozi, naye akaenda zake akipiga mluzi.

Niliuangalia ule mrija. Alama mbili za meno, na kati yake nafasi tupu. Kule mlangoni shemeji alikuwa anamenya peremende.

Nilingoja moto uwake. Haukuwaka. Dada alichukua mwanzi mpya ambao bado ulikuwa na kifundo katikati, akautoboa upande mmoja, akautoboa upande wa pili, kifundo akakiacha.

"Dada, hujapitisha."

"Nimemaliza."

Kesho yake kinyozi alikichukua. Jioni shemeji aliingia bafuni. Tukasikia mtu anavuta hewa, anavuta tena, anagongagonga kitu ukutani. Mlango ukafunguka. Akaja uani na kiko mkononi.

"Mke wangu, hiki hakipitishi."

"Cha nani?"

"Cha yule… mlinzi."

"Na bafuni kwangu kimefikaje?"

Shemeji akanitazama kana kwamba ningemwokoa. Nikatazama msasa.

Dada akauchukua mrija wa zamani, akaupasua kwa urefu, akamwekea kiganjani. Ndani ulikuwa mweusi, mzito, unang'aa.

"Wewe ni dereva. Oili ikifika hivi unafanyaje?"

"Naimwaga."

"Usipoimwaga?"

"Injini inaku—"

Alibaki ameduwaa, pengo lote nje, macho kwenye kiganja chake.

"Ulijuaje?" aliuliza mwishowe.

"Nimekula na meno hayo meza moja tangu unioe. Nisiyajue?" Kisha sauti ikamkatika, kitu ambacho sijawahi kukisikia maishani. "Nilikitengeneza mwenyewe. Kwa mikono hii. Kumbe bosi ndiye mimi, na nilicheka nanyi."

Shemeji alikiweka kiko juu ya meza, akakishika pande zote mbili kisiteleze.

"Kikate," alisema.

Nikampa dada msumeno. Alipofika katikati, shemeji alibanwa na pumzi, mabega yakipanda na kushuka kwa kazi hiyo tu ya kushika. Dada akausimamisha msumeno, akamngoja mpaka pumzi ikarudi, ndipo akaendelea kukata.