Chuo cha Kuruka Ng'ambo ya Athi

Ulikuwa mwaka tuliokula nzige mpaka watoto wakaanza kuchagua, huyu amenona, huyu amekonda. Tuliwaokota alfajiri wakiwa wamelowa umande hawawezi kuruka, tukawang'oa mabawa na miguu, tukawakaanga kwenye kigae, na waliobaki tukawaanika na kuwasaga. Walikuwa wamemaliza mtama wetu wote shambani, kwa hiyo tuliona ni haki yetu kuula mtama wetu ukiwa ndani yao. Nzige walipokwisha tulikula mahindi yaliyoshushwa stesheni ya Emali, yenye ladha ya gunia, na tukayasifu. Ukitaka tarehe, kawaulize waliokuwa wanaandika. Mimi nilikuwa nakula.

Nilikuwa na miaka kama kumi na mitano. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu kwenye shule ya kanisa karibu na Tawa, naweza kusoma na kuandika jina langu bila kutoa ulimi. Hicho ndicho kisomo changu mpaka leo, na sijawahi kukionea haya. Juzi mjukuu wangu aliniwekea karatasi mapajani, imejaa masomo ya chuo: uuguzi, afya ya jamii, sayansi ya mazoezi, matibabu ya wanamichezo. Akaniuliza, "Susu, ungekuwa mimi ungechukua gani?" Susu ndiye nyanya kwetu Ukambani. Nikamwambia mimi karatasi hiyo nilisomewa zamani, kabla mama yake hajafikiriwa. Akacheka, akadhani natania. Ndiyo maana naandika.

Jumapili moja mwinjilisti wetu, mtu mfupi mwenye koti moja na sauti ya watu wanne, alisimama na barua kutoka hospitali ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Akasema hospitali inafungua mafunzo, na kuna njia tatu za kuchagua. Tukakaa vizuri kwenye viti.

Njia ya kwanza ilikuwa udresa, yaani kuosha vidonda na kufunga bandeji. Hiyo ilikuwa ya wanaume tu, maana inajulikana mwanamke hajawahi kuona kidonda maishani mwake. Ya pili ilikuwa ukunga. Hiyo ilikuwa ya wanawake walioolewa, na mume lazima aandike barua ya kukubali. Waume wa kwetu waliojua kuandika barua wakati huo ungewahesabu kwa mkono mmoja na ubakishe vidole vya kula. Njia ya tatu ilikuwa mpya kabisa na ilikuwa ya wasichana: Afya na Mazoezi ya Mwili. Atakayechaguliwa atasoma miaka miwili, kisha atazunguka shuleni akiwafundisha wasichana wenzake kukata kucha, kusimama wima, kuruka na kupumua.

Halafu mama mmoja wa viti vya nyuma, ambaye mdomo wake haukuwahi kupewa likizo, akauliza, "Kupumua?"

"Kupumua vizuri, mama," mwinjilisti akajibu.

"Na sisi tuliofika hapa leo, tulikuwa tunafanya nini njiani?"

Nyumbani mama yangu aliirudia habari hiyo huku akijipiga mapaja kwa kicheko. "Kuruka! Mtu aje Ukambani afundishe kuruka!" Alikuwa na sababu. Vijana wetu wakicheza ngoma walikuwa wanaruka juu ya vichwa vya wenzao na kutua kama paka. Na sisi wasichana, kila asubuhi tulishuka mtoni, tukafukua mchanga mpaka maji yatoke, tukajaza vibuyu na kupanda navyo mlima mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Mpaka leo paji langu lina bonde, lipapase uone. Sasa mtu atoke ng'ambo ya mto kuja kututia nguvu!

Lakini mimi sikucheka sana, na nitakwambia kwa nini. Susu yangu, mama mzaa baba, kazi yake ilikuwa mifupa. Watu waliletwa kwake hata kutoka Matiliku wakiwa wamebebwa kwenye vitanda, wengine wameanguka kwenye ngoma, wengine wamekanyagwa na ng'ombe, na wengi wao waliondoka kwa miguu yao. Alinifundisha tangu nikiwa mdogo. Alisema kidole gumba changu kina masikio. Kabla hajamgusa mgonjwa, alijitemea mate kidogo viganjani, kisha akamtemea kidogo kifuani, kama wazee wa kwetu walivyotemea watoto wanaosafiri. Ni baraka. Ni kusema nenda salama. Mimi nilifunzwa hivyo hivyo: kwanza mate, halafu mafuta ya mbarika, halafu kidole. Lakini kidole kilijua tu, hakikuona. Nilitamani siku moja nione kilichoko chini ya ngozi, ninachokishika kila siku gizani.

Siku ya kuchagua wasichana, memsabu wa hospitali, mama wa Kizungu, alikuja na gari, na ndani ya gari alikuwa na picha kubwa ya kitambaa. Akaitundika ukutani. Ilikuwa picha ya mtu mzima, amesimama, hana ngozi hata kidogo. Nyama zake zote zilikuwa nje, nyekundu, kila moja na kamba yake nyeupe, na kila kamba imeshika mfupa.

Susu, ambaye alikuja kutazama kama wengine wote, alimkaribia yule mtu akamwangalia toka chini mpaka juu. "Nani amemchuna huyu?" akauliza. "Na alikosa nini?"

Memsabu alijua Kiswahili cha kuagiza jikoni. Akachukua fimbo na kuanza kutuonyesha. "Hii nyama ya mguu. Hii nyama ya bega. Hii nyama ya nyuma." Wamama wakasogea karibu, maana wengine hatukuwa tumeonja nyama tangu kabla ya nzige. Lakini mimi nilisimama pale kama niliyepigwa na radi. Ile kamba ya kisigino, niliijua! Zile nyama mbili za shavu la mguu zinazokutana, kidole changu kilikuwa kimepita hapo mara mia. Memsabu akasema atakayechaguliwa kwenye njia ya tatu atasoma picha hii yote, nyama kwa nyama, kwa majina yake, miaka miwili. Toka dakika hiyo sikutaka kitu kingine duniani. Hata kupumua kwao ningejifunza.

Halafu akaja mwalimu wa drili. Alikuwa Mkamba mwenzetu, alikuwa askari zamani, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Miguu iliyotoka humo ilikuwa ya kuwashia moto. Alitupanga mistari. "Mikono juu! Mikono chini! Moja, mbili! Gusa vidole!" Tuligusa vidole. Msichana anayepalilia toka asubuhi hadi jioni ameinama, kugusa vidole vyake ni mapumziko. Akatoa uzi akatupima shingo. Alipofika kwangu akapima mara mbili, akamwambia memsabu, "Hii ni shingo ya fahali." Alidhani ananitukana. Mimi nimeringa nayo maisha yangu yote.

Mwishowe akasema ngoma zetu ni kurukaruka ovyo bila utaratibu, na sasa atatuonyesha kuruka kwa utaratibu. Aliweka benchi la kanisa katikati ya uwanja. Akarudi nyuma hatua kumi, akazihesabu kwa sauti. Akavuta pumzi, vizuri, kama barua ilivyoagiza. Akakimbia, akaruka. Kupanda kulikuwa na utaratibu. Kushuka alitua mguu mmoja, goti likajikunja vibaya, na mwalimu akaanguka kama gunia la Emali.

"Mwalimu, rudia!" yule mama wa mdomo akapaza sauti. "Wengine hatukuona!"

Tulicheka mpaka tulipomwona uso. Umekuwa rangi ya majivu, jasho linamtiririka, na pia ya goti ilikuwa imehamia kando, imekaa ubavuni kama yai chini ya ngozi. Memsabu alipiga magoti kando yake, akasema apelekwe hospitali kwa gari. Ng'ambo ya Athi, kwa barabara ile ya mawe, na goti lile! Mwalimu akasikia neno barabara akaanza kumwita mama yake.

Susu akanigusa mgongo. "Nenda wewe. Mimi siinami kwa mtu wa kaptula."

Nikaenda. Nikajitemea viganjani, nikamtemea kifuani kidogo, kwenye ile kaki yake safi. Nikamshika kisigino kwa mkono mmoja, kidole gumba changu nikakiweka pembeni ya ile pia. Nikamwuliza, "Mwalimu, mwanao wa kwanza anaitwa nani?" Alipofungua mdomo ajibu, nikaunyoosha mguu polepole na kusukuma. Ikarudi mahali pake. Alipiga kelele moja tu, halafu akajitazama goti, halafu akanitazama mimi, halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyesahau jeshi lote, "Asante, mama." Mimi, mtoto wa miaka kumi na mitano!

Memsabu alinishika mkono. "Wewe, chuo," akasema. Akaandika jina langu mbele ya macho yangu, na nililisoma mwenyewe.

Jina hilo lilikaa kwenye karatasi muda wa kuchemsha uji. Mwinjilisti alimvuta memsabu pembeni wakaongea wakinitazama mikono. Memsabu alikuwa ameona uchafu, na mwinjilisti alikuwa amemwona Shetani, na wote wawili walikuwa wameona mate yale yale. Wakarudi wamekubaliana. Naweza kwenda chuo, mwinjilisti akasema, lakini kwanza Jumapili nisimame mbele ya kanisa zima, niseme kwamba niliyofundishwa na susu ni uchawi, na kwamba susu ni mchawi, na kwamba nimemwacha. Baada ya ibada gari litanichukua.

Kwetu neno hilo si la kuchezea. Mganga ni mtu mwingine, mchawi ni mtu mwingine. Ukimwita mtu mchawi, tena wewe mjukuu wake, tena mbele ya watu, hakuna atakayemletea mgonjwa tena, hakuna atakayepokea moto kutoka kwake, na kuna waliochomewa nyumba kwa maneno machache kuliko hayo.

Wiki ile mama alinisonga. "Sema tu, binti. Ni maneno. Susu ni mzee, atasamehe. Unataka kubeba maji mpaka meno yatoke?" Baba alisema hili ni jambo la wanawake, akaenda kuangalia ng'ombe walioangaliwa tayari. Susu mwenyewe hakuligusa kabisa. Ila siku moja tukichambua mbaazi aliniambia, "Huko chuo, uliza ile kamba ya nyuma ya goti inashika wapi juu. Nimeitafuta miaka yote na sijapata mwisho wake." Akaendelea kuchambua. Alikuwa anataka niende. Angekaa mlangoni kwake amepewa jina hilo, bora mimi nijue ile kamba inashika wapi.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wengine hawakuwa wameingia humo toka wabatizwe. Memsabu alikaa mbele, na kando yake mwalimu wa drili, miguu yake miwili imenyooka, kwa sababu ndiye angenisindikiza ng'ambo. Susu hakuwahi kuingia kanisani, lakini siku ile alikuja akaketi kwenye kizingiti, mgongo kwetu, uso nje.

"Binti, simama," mwinjilisti akasema. Nikasimama. "Waambie watu."

Nikasema, "Sisemi. Susu yangu si mchawi, na mimi si mwongo."

Kelele zilivyolipuka! Mama alinifinya paja nikabaki na alama mwezi mzima. Memsabu alikuwa anauliza, "Nini? Nini?" na hakuna aliyetaka kumweleza. Yule mama wa viti vya nyuma akasimama akamnyooshea mwalimu wa drili kidole. "Wewe mwenye goti! Ulitemewa mate, ukapona, ukasema asante mama. Hebu simama useme kama ulirogwa!"

Mwalimu wa drili alisimama, maana alizoea kusimama akiamriwa. Alijitazama viatu. "Mimi ni mtu wa amri," akasema, akaketi. Goti halikumsumbua hata kidogo, si kwenye kusimama wala kuketi.

Mwinjilisti akashuka akanikaribia. Sauti ya watu wanne akaiweka chini, akabaki na ya mtu mmoja. "Binti yangu, sikiliza. Sema neno moja tu, polepole, mimi nisikie, inatosha. Nitawaambia umesema. Gari linangoja hapo nje."

Nililiona gari kupitia mlangoni, juu ya kichwa cha susu. Ile picha ilikuwa imekunjwa imewekwa kiti cha nyuma, na ncha yake ilikuwa imetokeza dirishani, nyayo mbili nyekundu zisizo na ngozi. Nilizitaka kuliko nilivyotaka kula mwaka ule. Watu wa madirishani waliingiza vichwa ndani ili wasikie.

"Sisemi. Susu yangu si mchawi, na mimi si mwongo."