Mchoro Uliovishwa Kanga

Jumapili, 9 Februari. Theluji ya juzi imekuwa tope, na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi.

Jirani yetu wa zamani, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, alipohamia mji wa Columbia alituachia mchoro wa wino wa msanii wa India. Ni kichwa cha mtu, macho yamechimbwa kwa mistari myeusi, mdomo wazi kama anang'olewa jino. Nadhani ni mzuri. Sina hakika, mambo hayo sikuyasomea.

Leo alikuwa anakuja kututembelea, nami nilitaka aukute ukutani, asije akadhani tumeidharau zawadi yake. Lakini mama yangu haswali mbele ya picha ya mtu, na ana haki, maana ni sebuleni tu penye nafasi ya kutandika msala. Kwa hiyo kila swala huufunika kwa kanga, akimaliza huufunua. Leo baada ya alasiri alisahau, na jirani akabisha hodi.

Alisimama mbele ya ile kanga. Mimi nilitazama zulia.

"Mama, huyu mbona mmemvika?"

"Ananitolea macho nikiswali," mama akasema. "Na baridi hii, nikaona bora ajifunike."

Jirani akafikiri kidogo. "Kwetu alitundikwa chumba cha kulia. Baba alimpenda sana. Sisi wengine tulikula tumempa mgongo."

Nikamuuliza kama angependa kuuchukua. Akasema hapana, upesi kuliko nilivyotarajia.

Yeye hali nyama, basi jioni tulikula chapati na maharage ya nazi. Kanga hatukuiondoa.